Zamu za Marehemu

Julai 7

Leo baada ya ibada tumezindua ukurasa wa mtandaoni wa zamu za maji. Mwenyekiti wetu wa mfereji, Hans, alivaa koti alilonunua kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na wageni kutoka kata walikaa mbele, kwenye viti vya ukumbi wa kanisa. Naandika jinsi unavyofanya kazi, maana ipo siku mtu atauliza, na anayeulizwa huwa ameshasahau.

Mfereji wetu unaanzia kwenye banio, pale maji ya mto yanapokingwa, juu karibu na msitu, unateremka mlima kati ya migomba na kahawa, unaishia kwenye mashamba ya maharage kule bondeni. Wakati wa masika hakuna anayeufikiria. Kiangazi maji hayatoshi, ndiyo maana kila shamba lina zamu. Zamani zamu zilitangazwa na mtu aliyepita njiani akipaza sauti. Sasa kila Jumapili jioni ukurasa unapanga zamu za wiki, unatafuta namba ya simu ya mwenye shamba, unampelekea ujumbe. Asiyejibu mpaka Jumatatu adhuhuri, zamu yake inashuka kwa shamba linalofuata. Kazi ikiisha, yanatokea maneno ya kijani: Zamu zote zimetumwa.

Aliyeutengeneza ni Lilian, binti ya Hans, mtoto wangu wa ubatizo. Nilimfundisha hesabu shuleni. Nilipostaafu nikamfundisha PHP, lugha ambayo kurasa nyingi za mtandao zimeandikwa kwayo, hapa hapa kwenye meza ninayoandikia. Leo ana ofisi yake mjini, Themi. Wageni walipompigia makofi nilijikuta nafuta miwani.

Julai 8

Ukungu kutwa. Mlima haukuonekana.

Julai 12

Kahawa ya kwanza imeanza kuiva upande wa jua. Mke wangu Theresia anasema nimewaeleza habari za ukurasa watu wote wa kijiji, na sasa nimebakiza ng'ombe.

Julai 18

Amepita Tabea, Mama Sabina, mjane wa mdogo wangu Frederick. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Shemeji, mimi sijaletewa ujumbe tangu mashine yenu ianze."

Nikamweleza. Simu lazima iwe na chaji. Ujumbe ukijaa, mwingine hauingii. Mtandao bondeni ni dhaifu, asogee kwenye kilima cha shule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama watu wanavyomsikiliza mchungaji siku ya joto.

"Sawa. Sasa nifungue maji au nisifungue?"

Nilifungua ukurasa mbele yake. Maneno ya kijani yalikuwepo. Nikamwambia zamu zote zimetumwa.

"Basi nitafungua Alhamisi," akasema, "kama Frederick alivyofungua."

Julai 25

Ugomvi bondeni. Asubuhi Godbless, ambaye shamba lake linafuata la Tabea, alikuta mfereji wake mkavu na maji yote yameelekea kwenye maharage ya Tabea. Nilifika watu wakiwa wameshajaa kwenye tuta.

"Mama Sabina, leo ni siku yangu! Soma hapa!" Godbless alimsogezea simu usoni.

"Simu yako inajua Alhamisi ni ya nani kuliko mimi niliyeolewa hapa?"

"Inajua! Ndiyo maana tumeinunulia vocha!"

Watu wakacheka. Tabea hakucheka. Godbless alishika jembe akaziba mlango wa maji kwa matope, na Tabea akaliangalia lile tope kama mtu anayeangalia mlango wa nyumba yake ukifungwa na mgeni.

Simlaumu Godbless. Ujumbe wake ni wa kweli, nimeuona kwa macho yangu.

Julai 28

Kamati imekaa. Nimeitwa kama mtu anayeufahamu mfumo.

Tabea alisema maneno yale yale: hajapata ujumbe wowote. Hans akaniuliza kama inawezekana ukurasa umruke mtu. Nikasimama. Nilisema kwamba ukurasa ukipata tatizo hunung'unika, huandika onyo kwa maandishi wazi, na kwa muda wote huu haujanung'unika hata mara moja. Nikasema, "Mashine haina ndugu wala shemeji." Walipiga makofi. Hans alipiga kuliko wote.

Tabea akaniangalia. "Mwalimu umesema hivyo?" Hakuniita shemeji.

Wizi wa maji una adhabu yake tangu enzi za babu zetu. Mara ya kwanza, mbuzi wa faini, anachinjwa pale kwenye banio na kuliwa na kamati. Mara ya pili, shamba linafutwa mferejini. Mlango wake unazibwa kwa mawe na saruji, na wajukuu watakuta umezibwa. Bila mfereji shamba lile la Tabea haliwezi kitu kiangazi, na ndilo shamba pekee alilonalo.

Agosti 1

Mbuzi wa Tabea amechinjwa. Nyama ilikuwa laini. Nilikula.

Agosti 6

Baridi. Theresia hajapika chai ya saa kumi. Nilipouliza, alisema amempelekea Tabea maziwa, na kwamba kule aliambiwa mashine haina shemeji.

Agosti 15

Nimeteremka bondeni kuangalia mpaka. Maharage ya Tabea yana maua, lakini majani yamejikunja. Alikuwa anateka maji mtoni kwa ndoo na kuyamwaga shina kwa shina. Nilimsalimia. Alinijibu jinsi mtu anavyomjibu karani.

Kitu kimoja kilinisumbua njiani. Mashamba mawili mengine nayo yamekauka vilevile, na yote mawili ni ya wajane. Nikajiambia wajane hawana watu wa kuwasaidia kazi. Mtu akitaka maelezo huyapata.

Agosti 22

Amefungua maji tena. Safari hii hakungoja wamkute. Aliwaita majirani waje waone, akasema, "Ni Alhamisi."

Hans ameitisha mkutano wa wanachama wote Septemba 15. Ajenda ni moja tu, kulifuta shamba lake.

Agosti 30

Vumbi. Upepo umeangusha migomba miwili.

Septemba 2

Leo kutwa nzima nimekuwa kwenye kompyuta. Nitaandika taratibu.

Asubuhi nilifungua ukurasa wa zamu nikakuta mweupe. Si kwamba haukufunguka. Ulifunguka, ila haukuwa na kitu, kama karatasi mpya. Mtu asiyejua husema mtandao umekatika. Anayejua PHP hushtuka, maana mweupe ule una maana moja: programu imeanguka katikati ya kazi, na kuna mtu aliyeikataza kusema imeangukia wapi.

Nilimpigia Lilian, hakupokea. Alishanipa ufunguo wa kuingilia ili niwe naweka matangazo ya kamati. Nikaingia, nikafungua faili la kwanza, lile linalosomwa kabla ya mengine yote. Juu kabisa nikakuta mistari mitatu ambayo sikuwahi kumfundisha kuiandika pamoja.

Nieleze. Katika lugha hii kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza, error_reporting, ni kusikiliza: lugha ijali makosa ya aina gani. Ukiandika E_ALL inajali yote, hata yale madogo yanayoitwa maonyo, ambayo hayasimamishi kazi. Ukiandika sifuri haijali lolote. La pili, display_errors, ni kusema: kosa lionekane kwa kila anayeufungua ukurasa, au lisionekane. La tatu, log_errors, ni kuandika: kosa liwekwe pembeni, kwenye faili ambalo mwenye kazi atalisoma kwa wakati wake.

Unapojenga, unawasha yote matatu. Ukurasa ukishakwenda kwa watu unazima la pili tu, kwa kuwa mgeni hana haja na makosa yako, na mwenye nia mbaya anaweza kujifunza njia za ndani. Mama mwenye nyumba akisikia harufu ya kuungua wakati wageni wako sebuleni, hapigi kelele. Anatabasamu, anaomba radhi, anakwenda jikoni. Hazibi pua.

Lilian aliziba pua. Sifuri kwenye kusikiliza, kusema kumezimwa, kuandika kumezimwa. Yote matatu.

Anguko la leo lenyewe lilikuwa dogo: mabadiliko aliyofanya jana na mabano yaliyosahaulika. Niliyarudisha, ukurasa ukafunguka. Maneno ya kijani yakatokea mahali pake. Kwa mara ya kwanza sikuyaamini.

Septemba 3

Nimenakili ukurasa na orodha ya mashamba kwenye kompyuta yangu, ili nijaribu bila kumtumia mtu ujumbe. Nikabadilisha sifuri kuwa E_ALL, nikawasha kuonyesha, nikauambia upange zamu za wiki.

Maonyo yakatoka juu ya ukurasa, mstari chini ya mstari, yote ya aina moja: unajaribu kusoma kitu ndani ya kisichokuwepo. Kila onyo lilitaja mstari wa programu. Niliufuata. Ni pale programu inapochukua jina la mwenye shamba, inakwenda kwenye daftari la wanachama kutafuta namba yake ya simu. Kwa mashamba matatu hairudi na kitu. Haina wa kumpelekea ujumbe, lakini inaendelea, inahesabu kwamba imeshatuma, inasubiri jibu la mtu ambaye hakuulizwa, kisha inashusha zamu kwa shamba linalofuata. Mwisho inaandika kwa kijani kwamba zote zimetumwa.

Nikatazama ni mashamba gani. Nikavua miwani.

Kwetu shamba haliondolewi jina la marehemu mpaka mwanawe wa mwisho ajenge nyumba yake. Ni heshima, na ni ulinzi wa mjane pia, kwamba hakuna ndugu atakayesema shamba halina mwenyewe. Siku ya kuandikisha, Hans aliyasoma majina ya mashamba kama tulivyoyazoea, na sote tuliitikia. La Frederick: Frederick. Lakini katika daftari la wanachama hai, lile lenye simu, Frederick hayumo. Atakuwemo vipi?

Kwa hiyo tangu Julai mashine inamtafuta mdogo wangu, haimpati, na maji yake inampa mwingine. Kila Jumapili. Ilikuwa tayari kutuambia, kwa maandishi wazi. Nilisimama mbele ya kamati nikatumia ukimya wake kama ushahidi.

Septemba 5

Nimeshuka mjini, nimemkuta Lilian ofisini kwake Themi. Aliinuka akanipokea mkoba.

"Shikamoo Mwalimu. Ungesema unakuja, ningekufuata."

"Marahaba. Nani aliandika sifuri?"

Hakuuliza sifuri gani. Alikaa.

"Mimi."

"Lini?"

"Asubuhi ya uzinduzi. Maonyo yalitokea juu ya ukurasa, wageni wakiwa njiani. Nikamwonyesha Baba. Akasema, toa hayo maandishi. Yalikuwa maonyo tu, Mwalimu. Ukurasa ulikuwa unakwenda."

"Ungezima kuonyesha tu, kuandika ukakuacha. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Ndiyo maana. Baba alisema tukiacha mahali yanapoandikwa wewe utayasoma tu, na ukiyasoma utaitisha kikao, na ukiitisha kikao utatueleza mpaka Krismasi."

Nilimngoja amalize kucheka.

"Na shemeji yangu alipotozwa mbuzi?"

Akatazama dirishani. Nje kulikuwa na mtu anauza maparachichi, akiita bei.

"Nilimpigia Baba siku ile ile," akasema. "Nilimwambia Mama Sabina huenda anasema kweli, nipe nafasi niangalie. Akasema kamati imeshaamua, na wewe umeshasimama ukaushuhudia mfumo. Tukiufungua sasa, Mwalimu ndiye atakayeaibika. Nikaona afadhali tusikuaibishe."

"Kwa hiyo mlikuwa mnaniheshimu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Nimewafundisha watoto wengi kusoma maswali. Huyu nilimfundisha hata kusoma makosa yake mwenyewe, mstari kwa mstari, bila kuogopa, kwenye meza yangu, akinywa chai yangu. Niliamini hilo ndilo limebaki kwake kuliko mengine yote. Kumbe lilipofika jambo la kwanza lenye uzito, alifumba macho.

Aliagiza chai. Sikuinywa.

Septemba 8

Baada ya ibada Hans alinishika mkono uwanjani, kama kawaida yetu.

"Mbee, ndugu yangu, mbona umenuna? Njoo nyumbani, kuna supu."

"Hans, ulijua."

"Nilijua nini? Vimistari vya Kiingereza?"

"Lilian alikuambia Tabea anasema kweli."

Akatazama kama kuna mtu karibu. "Aliniambia huenda. Huenda! Sikiliza, rafiki yangu. Kata wanataka mifereji mingine ifuate wa kwetu. Unataka niende nikawaambie tumewanyima wajane maji kiangazi kizima?"

"Ndiyo."

"Wewe umestaafu, unaweza kusema ndiyo." Akashusha sauti. "Vuta subira kidogo. Tunaahirisha kumfuta, tunarekebisha kimya kimya. Vuli ikianza hakuna atakayekumbuka. Tena usisahau, mimi sikusema neno lolote kule kwenye kamati. Wewe ndiye uliyesimama. Mimi nilipiga makofi tu."

Tulibatizwa siku moja na huyu mtu. Nilimshikia farasi wa mbao kwenye mchezo wa Krismasi tukiwa watoto, na nilimshika mkono siku alipomzika mama yake. Leo nilimwona akinitumia kama alivyotumia yale maneno ya kijani: kitu cha kuweka mbele ya watu, nyuma yake apite yeye. Nilirudi nyumbani peke yangu kwa njia ya juu.

Septemba 9

Nilikwenda kwa Tabea kumweleza kabla ya mkutano. Alisema atanisikia huko huko, na wengine.

Septemba 13

Joto. Mlima umesimama wazi, mkavu mpaka kileleni.

Septemba 15

Ukumbi ulijaa. Hans alifungua mkutano kwa sala, kisha akasema kabla ya ajenda angependa kuwajulisha wanachama kwamba palikuwa na tatizo dogo la mtandao ambalo sasa limekwisha, na kwa roho ya upendo kamati inapendekeza kumsamehe Mama Sabina.

Nikainuka. Mtu wa nyuma akasema, "Eeh, leo tutalala hapa," na watu wakacheka. Nilisubiri.

Sikueleza lugha ya PHP. Nilisema mashamba matatu yameandikwa kwa majina ya marehemu. Nilisema mashine iliwatafuta marehemu kwenye simu, ikawakosa, na zamu zao ikawapa waliofuata. Ilikuwa inaonya tangu siku ya kwanza, na ilizimwa isionye. Nikamtaja aliyeizima na aliyeagiza izimwe, na nikasema mimi nilitoa ushahidi juu ya kitu ambacho sikukikagua. Tabea hakuiba maji. Aliibiwa.

Godbless ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo yale maji niliyokuwa natumiwa..."

"Yalikuwa ya Frederick," nikasema.

"Mungu wangu. Na tope nililoziba!"

Hans alisimama haraka. "Basi ni rahisi. Tufute jina la Frederick, tuandike Tabea. Tumemaliza."

Hapo Tabea akainuka. Hakuwa na kilemba chake cha kanisani. Alikuja na nguo za shambani.

"Shamba ni la Frederick," akasema. "Simu ni yangu. Mmeshindwa kuandika vitu viwili?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Wanachama walinyoosha mikono kupitisha kwamba abaki mferejini, na wale wajane wengine wawili warudishiwe zamu zao. Kuhusu mbuzi, Hans alisema hilo litaangaliwa baadaye, na aliangalia saa.

Nilimkuta Tabea kwenye ngazi. Nikaanza, "Shemeji, mashine ilikuwa imekatazwa—"

"Nimesikia. Mashine ilinyamaza kwa sababu iliambiwa inyamaze." Alikuwa anafunga kanga kiunoni. "Wewe ulisema. Ni nani aliyekuambia useme?"

Alisubiri kidogo, kwa heshima, kisha akateremka.

Jioni nilibadilisha mistari mitatu. Kusikiliza: yote. Kuonyesha: imezimwa. Kuandika: imewashwa. Namba za wajane nimeziweka pembeni ya majina ya waume zao. Lilian alituma ujumbe kuuliza kama nahitaji msaada. Sijamjibu.

Septemba 19

Alhamisi.

Nilishuka mapema. Ujumbe ulimfika Tabea Jumapili, na alijibu. Nimeliona jibu lake. Godbless alikuwa ameshang'oa tope lake mwenyewe na kusafisha mlango wa maji hadi ukang'aa. Tabea alipofika alimshukuru, akafungua.

Maji yaliingia taratibu kwenye shamba lisilo na kitu. Maharage yalikauka yakiwa na maua, ameshayang'oa na kuwapa mbuzi wa jirani. Palibaki udongo mtupu wenye nyufa. Alitembea nayo kwa jembe, tuta kwa tuta, akiyaelekeza kwa uangalifu ule ule kana kwamba kila tuta lina mche, akirudi nyuma pale alipoona pembe kavu.

Watu wa mashamba ya chini walisogea kuangalia. Kiangazi kimefika ukali wake, na kila mmoja ana kitu kinachokufa. Kisha simu yangu ikaita. Alikuwa Hans.

"Mwalimu, nasikia uko huko. Mwambie shemeji yako atufungulie, bwana. Anapoteza maji. Hana hata jani moja pale! Mweleze, wewe unajua kueleza."

Nilimwangalia Tabea. Alikuwa amesikia, maana Hans hupiga kelele kwenye simu kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Shemeji," nikasema, "wanauliza unamwagilia nini."

Hakuinua kichwa. "Zamu," akasema.

Nikakata simu. Nikavua viatu, nikaviweka juu ya tuta, nikaketi na miguu kwenye mtaro. Nilikaa hapo hadi saa zake zilipokwisha, nikihakikisha hakuna anayekuja kuufunga mlango kabla yake.